Mwanao anatunga muziki wa gemu kwenye simu? Anza naye na do, mi, so

Ni saa mbili usiku. Chakula kimeshaliwa, vyombo vinaoshwa, na kutoka sebuleni inasikika sauti nyembamba ya mashine: tii-tii-tuu, tii-tii-tuu. Mtoto wa miaka 12 ameinamia simu ya mama yake. Hachezi gemu. Anatengeneza muziki wa gemu.

Wiki ya kwanza nyumba huvumilia. Wiki ya pili baba huuliza kelele hizo zitakwisha lini. Wiki ya tatu mtoto mwenyewe huweka simu chini, amekata tamaa. Ameshajua kubonyeza, kuongeza ngoma na kubadili mwendo, lakini kinachotoka bado hakifanani na wimbo. Ni milio tu inayofuatana.

Hapo wazazi hugawanyika. Mmoja hushukuru kimyakimya kwamba kelele zimekwisha. Mwingine huulizia bei ya kinanda na ada ya mwalimu, akaona hesabu haikubali, akaacha. Wote wawili husahau kwamba wana kitu ambacho mtoto anakihitaji na ambacho hakiuzwi dukani: masikio yao, pamoja na ile do, re, mi waliyofundishwa kwenye kwaya au shuleni.

Muziki wa chipu ni nini?

Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza mashine ya gemu iliyoitwa Famicom, ambayo baadaye iliuzwa Marekani na Ulaya kwa jina la Nintendo Entertainment System. Muziki wake haukuwa umerekodiwa studio. Chipu iliyokuwa ndani ya mashine iliutengeneza papo hapo, kwa kuambiwa tu: piga noti hii, kwa muda huu, kwa nguvu hii.

Nafasi ilikuwa finyu mno. Gemu nzima ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, yaani picha, kanuni na muziki vyote kwa pamoja, ilikaa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja ya harusi inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mara nyingi ni kubwa kuliko hiyo.

Mzazi aliyewahi kumiliki Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, anaujua muziki huu hata kama hakuwahi kugusa gemu. Simu ile ilikuwa na sehemu ya kutunga mlio wa kuita, noti moja baada ya nyingine. Hicho ndicho anachokifanya mwanawe leo, ila yeye ana sauti nyingi zaidi za kuzipanga.

Ni kwaya ndogo ndani ya mashine

Njia rahisi ya kuielewa chipu ya Famicom ni kuifikiria kama kwaya. Ina sauti mbili za wimbi la mraba, zile kali zenye mlio wa filimbi ya bati. Moja huongoza wimbo na nyingine huifuata, kama sauti ya kwanza na ya pili. Ina wimbi la pembetatu, lililo laini, ambalo kwa kawaida hupewa besi. Ina sauti ya kelele, shshsh, inayokatwakatwa ikawa ngoma na manyanga. Ya tano hutumika kwa vipande vifupi sana vilivyorekodiwa. Game Boy, mashine ya mkononi iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na sauti nne.

Mwalimu yeyote wa kwaya anajua kwamba waimbaji wanne wasiojua wimbo wao watatoa kelele. Mtoto aliyekwama yuko hapohapo. Waimbaji anao, ila hajui awape nini.

Kwanza melodi: swali na jibu

Melodi ni ile sehemu ya wimbo ambayo mtu huondoka nayo akiimba njiani. Kosa la kawaida la anayeanza ni kutumia noti zote alizonazo. Mwambie mtoto abaki na tano tu: do, re, mi, so, la. Noti hizi tano hupatana zenyewe kwa zenyewe, na ni vigumu kukosea vibaya ukiwa ndani yake.

Hatua ya pili ni kufikiri kwa swali na jibu. Waliokulia kwenye kaswida wanalijua hili, na waliokulia kanisani pia: kiongozi anatupa mstari, wenzake wanaupokea. Melodi nzuri ya gemu nayo huuliza, kisha ikajijibu.

Jaribuni hii, mzazi aimbe kwanza kwa mdomo:

Swali: do mi so mi, la la so (pumzika)
Jibu: do mi so mi, re re do (pumzika)

Mistari yote miwili inaanza sawa, ndiyo maana sikio linaukubali wimbo haraka. Tofauti iko mwishoni. Swali linaishia kwenye so, na msikilizaji anabaki akingoja. Jibu linarudi do, nyumbani, na anatulia. Muulize mtoto: ukilimalizia jibu kwenye re, unasikiaje? Atasikia kama mtu aliyesimama mlangoni bila kuingia. Siku atakapoisikia tofauti hiyo bila kuambiwa, ameshapiga hatua kubwa.

Kumbuka pia kupumzika. Watoto huogopa ukimya na kujaza kila kisanduku. Wimbo unahitaji kuvuta pumzi, hata kama anayeuimba ni mashine.

Kisha kodi, na si ile ya TRA

Kodi katika muziki ni noti tatu au zaidi zinazosikika pamoja. Kanuni ya kuzipata ni fupi: anza, ruka moja, chukua, ruka moja, chukua. Ukianzia do, ruka re, chukua mi, ruka fa, chukua so. Umepata kodi ya do: do, mi, so. Ukianzia fa unapata fa, la, do. Ukianzia so unapata so, ti, re.

Kodi hizo tatu zinatosha kubeba nyimbo nyingi sana, za watoto, za ibada na za dansi. Ili kujua ipi ikae wapi, angalia melodi ina noti gani mahali hapo, kisha tafuta kodi yenye noti hiyo ndani yake.

Rudini kwenye wimbo wa juu. "Do mi so mi" zote zimo ndani ya kodi ya do, basi iwekeni hapo. Kwenye "la la", kodi yenye la kati ya tatu hizo ni ya fa. "So" inarudi kwenye kodi ya do. Katika jibu, "re re" inaangukia kodi ya so, na "do" ya mwisho inarudi kodi ya do. Besi ifanye kazi nyepesi: ishike jina la kodi. Kodi ya fa ikipita, besi iimbe fa. Kodi ya so ikipita, iimbe so.

Sasa mpe mtoto jaribio moja. Aache melodi ilivyo, lakini kwenye "la la" aweke kodi ya so badala ya ya fa. Itakwaruza. Hana haja ya kuelezwa kwa nadharia kwa nini, kwani sikio lake limeshamwambia.

Ujanja wa waliokuwa na sauti chache

Hapa mtoto atauliza swali la maana: ikiwa mashine ina sauti mbili tu za mraba na moja inaimba melodi, kodi ya noti tatu itaimbwa na nani?

Watunzi wa miaka ya 1980 walikutana na ukuta huohuo. Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na sauti tatu peke yake. Watunzi wake maarufu, kama Rob Hubbard na Martin Galway, waliipa sauti moja kazi ya watu watatu: ipige do, mi, so, do, mi, so, kwa kasi kubwa mno, ikibadilisha noti hata mara 50 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo sikio haliwezi tena kuzitenganisha. Linasikia kodi moja inayochemka, kama vile jicho linavyoshindwa kuhesabu spoki za baiskeli inayokwenda mbio.

Noti za kodi zinapopigwa moja baada ya nyingine namna hiyo huitwa apejio. Ule mlio wa kuchuruzika unaofanya muziki wa gemu za zamani utambulike mara moja ulizaliwa na uhaba. Programu nyingi za leo zina kitufe cha kazi hiyo, lakini ni vizuri mtoto aanze kwa kuzipanga noti tatu kwa mkono wake, polepole, kisha aongeze mwendo hadi zishikane.

Furaha na huzuni

Akishaizoea do, mi, so, aishushe mi nusu hatua. Kwenye kinanda ni kitufe cheusi kilicho kushoto kwake. Chumba kitabadilika. Noti moja imesogea kidogo, na kodi iliyokuwa ya furaha imekuwa ya huzuni. Njia nyingine, bila kugusa kitufe cheusi, ni kuanzia la: la, do, mi.

Mfano anaoweza kuusikiliza ni Tetris ya Game Boy ya mwaka 1989. Wimbo wake maarufu ni wa watu wa Urusi, Korobeiniki, wa karne ya 19, uliopangwa kwa ajili ya mashine hiyo na Hirokazu Tanaka wa Nintendo. Uko upande huo wa huzuni, lakini mwendo wake wa kasi unaufanya uchezeke. Hilo nalo ni somo: wimbo wa asili, ulioimbwa kabla ya umeme kufika majumbani, uliingia kwenye chipu na ukakaa. Hakuna kinachomzuia mtoto kuchukua wimbo anaoimbiwa na bibi yake na kuupa sauti nne.

Vifaa vya kuanzia

Hahitaji kununua kitu. BeepBox, iliyotengenezwa na John Nesky, ni ya bure na hufunguka ndani ya kivinjari. Inaweza kuficha noti zisizo kwenye skeli aliyochagua, jambo linalomsaidia anayeanza. Wimbo mzima huhifadhiwa ndani ya anwani ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo anapomaliza ainakili anwani hiyo na kuituma kwa mzazi kwenye WhatsApp. Asipoinakili anaweza kuipoteza kazi yake yote. Kwa nyumba yenye kompyuta kuna FamiStudio, nayo ya bure, inayotoa sauti za mashine ya Nintendo.

Mambo mawili ya nyumbani yanahitaji makubaliano mapema. La kwanza ni masikio. Wimbi la mraba ni kali, na watoto hupenda kulisikiliza kwa spika za masikioni. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidi wastani wa desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Nyumbani hakuna kipimo, lakini ikiwa mtu aliyekaa kando anausikia wimbo vizuri, sauti imezidi. La pili ni simu yenyewe. Nusu saa yenye lengo, kwa mfano "leo tunamaliza jibu la melodi", inafaa kuliko saa tatu za kubonyeza ovyo.

Je, kuna faida?

Mzazi ana haki ya kuuliza hivyo. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki wa Super Mario Bros., uliotungwa na Koji Kondo, kwenye orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa vizazi, na ulikuwa wa kwanza wa gemu kupata nafasi hiyo. Na wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda tuzo ya Grammy, mwaka 2011, unaimbwa kwa Kiswahili. Ni Baba Yetu wa Mmarekani Christopher Tin, uliotengenezwa kwa gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005. Si wa chipu, una kwaya na okestra, lakini mtoto wa Afrika Mashariki anauelewa kila neno.

Hata hivyo, watoto wengi hawatakuwa watunzi wa gemu, kama ambavyo wanakwaya wengi hawakuwa wanamuziki. Faida iliyo karibu ni nyingine. Mtoto aliyekuwa amekwama anajifunza kwamba kukwama kuna dawa, na kwamba dawa yenyewe wakati mwingine iko jikoni, inaosha vyombo.

Basi kesho tii-tii-tuu itakaposikika tena, usiulize itakwisha lini. Futa mikono, sogea karibu, muulize wimbo wake unaishia wapi. Akisema hajui, mwimbie: do mi so mi, la la so. Kisha nyamaza, umwachie yeye atafute jibu.