Ukishaweka sola, umeme mwingine unanunua kwa nani?

Tangu tarehe 1 Aprili 2025, mwenye nyumba wa Mbarara, Uganda, anayelipia Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ana muuzaji mmoja tu: UEDCL, shirika la serikali lililopokea nyaya, transfoma na wateja baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme kwisha. Akikasirishwa na umeme kukatika, hana muuzaji mwingine wa kumhamia. Akiteremka upande wa Isingiro hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mambo yanageuka. Huko wengi hawana waya wa gridi mlangoni, lakini hawakosi mtu wa kuwauzia sola, ya kulipa kwa mkupuo au kidogo kidogo kwa simu.

Kwenye simu zetu umejaa ushauri wa kuchagua kampuni ya umeme baada ya kufunga paneli. Mwingi umeandikiwa watu wa mahali kama Texas, Marekani, ambako rejareja ya umeme ilifunguliwa kwa ushindani mwaka 2002, na mwenye paneli hutafuta kampuni itakayomlipa vizuri kwa umeme unaobaki mchana. Mtu wa Mbarara akiufuata ushauri huo atapoteza muda. Mwenye sola wa hapa anapaswa kujiuliza paneli zake zimpunguzie uniti zipi, maana bei ya uniti si moja.

Kwenye bei zilizotangazwa na mamlaka ya udhibiti, ERA, kwa robo iliyoanza Aprili 2025, uniti 15 za kwanza za mwezi kwa mteja wa nyumbani zilikuwa shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 bei iliruka hadi shilingi 756.2. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 ilishuka hadi 412, ili watu wapikie umeme na kuachana na makaa. Baada ya 150 ilipanda tena hadi 756.2. Hapo VAT bado.

Kwa bei hizo, chukua nyumba mbili zenye paneli sawa, kila moja ikipunguziwa uniti 65 kwa mwezi. Ya kwanza ilikuwa ikitumia uniti 80 na sasa inatumia 15: imeokoa shilingi 49,153. Ya pili ilikuwa ikitumia 150, inapika kwa umeme, na sasa inatumia 85: imeokoa shilingi 26,780. Jua lilelile, fundi yuleyule, lakini faida ni karibu nusu, kwa sababu nyumba ya pili imeondoa uniti za bei nafuu. Anayetumia taa, redio na simu tu ndani ya uniti zake 15 anazilipia shilingi 3,750. Huyo akinunua paneli, anunue kwa ajili ya usiku wa giza, asitarajie kwamba akiba ya umeme itamrudishia pesa yake haraka. Hesabu hii mafundi wengi hawaifanyi mbele ya mteja, na ningependa kila anayetaka kufunga sola mjini aidai kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

Umeme unaobaki saa saba mchana, watu wakiwa kazini, ni suala jingine. Kenya ilitoa kanuni zake mwaka 2024: mteja anayerudisha umeme kwenye gridi anahesabiwa nusu ya uniti alizorudisha. Ukiwa Mbarara, panga mfumo wako kana kwamba ziada hiyo haina mnunuzi, na uwaulize UEDCL kwanza kabla hujaunganisha inverta yoyote inayosukuma umeme nje. Baadhi ya mita za kulipia kabla huuhesabu umeme unaotoka kama uliotumika, na mtu hujikuta analipia jua lake mwenyewe. Tena inverta ya gridi isiyo na betri hujizima gridi inapozimika, ili fundi aliye juu ya nguzo asiuawe. Anayenunua sola kwa sababu ya umeme kukatika, akauziwa inverta ya aina hiyo, atakaa gizani na paneli zake juu ya bati.

Nakivale, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1958, leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine, na sokoni Kiswahili kinawaunganisha. Sola huko inaonekana kwanza kwenye vibanda vya kuchaji simu: paneli juu ya bati, betri chini ya meza, nyaya nyingi, na kila simu imebandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Kinyozi na mwenye kibanda cha video wanahitaji zaidi ya hapo. Mwenye mashine ya kusaga unga anahitaji kilowati kadhaa, na mifumo ya nyumbani inayouzwa kwa mkopo haimfai kabisa.

Biashara ya lipa kidogo kidogo imesimama juu ya simu. Unatoa kianzio, unapewa paneli, betri, taa, labda na redio au televisheni. Kila unapotuma pesa unapata namba za kufungulia, siku zikiisha kisanduku kinajifunga. Kwa miaka mingi mkimbizi alikwama hapo mwanzoni, maana laini ya simu ilidai kitambulisho. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano, UCC, iliruhusu karatasi zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu kutumika kusajilia laini, na mlango ukafunguka.

Anayechagua muuzaji Nakivale anachagua mtu wa kudaiana naye kwa mwaka, pengine miaka mitatu, na kampuni hizi zinabadilika haraka kuliko mikopo yao inavyokwisha. Fenix, iliyokulia Uganda ikishirikiana na kampuni ya simu ya MTN, ilinunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Mwaka 2020 ikaunganishwa na kampuni nyingine kuwa ENGIE Energy Access. Mwaka 2025 ENGIE ikakubali kuuza biashara hiyo kwa kampuni ya Ignite. M-KOPA, iliyoanza na sola, leo inajulikana zaidi kwa mikopo ya simu. Hakuna kosa katika kununuana, ndiyo biashara. Lakini mteja wa Juru au Rubondo, humo humo Nakivale, anahitaji kujua nani atapokea simu yake betri ikifa mwezi wa 20.

Na betri ndiyo hufa mapema. Paneli nzuri huishi zaidi ya miaka 20. Betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu kila usiku haimalizi miaka mingi, na ile ya gari huweza kuisha ndani ya mwaka. Lithiamu ya fosfati ya chuma ni ghali zaidi lakini huvumilia. Anayenunua taslimu kwenye maduka ya Mbarara awe macho pia: wati 100 zinahitaji karibu nusu mita ya mraba, kwa hiyo paneli iliyoandikwa 100W ikiwa na ukubwa wa trei ya chai, maandishi hayo ni ya uongo.

Mwezi Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza idadi ya wakimbizi linaowasaidia Uganda kwa karibu watu milioni moja, kwa kukosa fedha. Familia iliyotegemea msaada huo kulipia sola sasa inachagua kati ya unga na taa. Ndiyo maana sharti la kuulizia kwanza, kabla hata ya bei, ni hili: nikikosa kulipa wiki sita, mnanifungia taa tu na muda unasogea, au mnakuja kuchukua mtambo na pesa niliyokwisha kutoa imepotea? Kampuni zinatofautiana, na jibu linapaswa kuwa kwenye karatasi, kwa lugha anayoisoma mteja. Na kuna swali la pili, kuhusu gridi. Mradi wa Benki ya Dunia wa kueneza umeme Uganda, uliopitishwa mwaka 2022 kwa takriban dola milioni 638, unazihusu pia wilaya zinazohifadhi wakimbizi. Gridi ikifika kabla mkopo haujaisha, deni la sola linabaki palepale, na atakayetaka kuwashia taa zake uniti za shilingi 250 atakuwa analipa sehemu mbili. Muulize muuzaji kama anakubali ulimalize mapema, na kwa punguzo gani.