MCHANGA UNAPOGEUKA UJI

Mchanga mkavu haumtishi mtu. Hubeba nyumba, barabara na hata madaraja. Lakini mchanga laini uliojaa maji chini ya ardhi una tabia nyingine, ambayo aghalabu haionekani mpaka siku ya tetemeko.

Tarehe 16 Juni, 1964, mji wa Niigata huko Japani ulipatwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.5. Katika mtaa wa Kawagishi-cho majumba ya ghorofa yaliinama, na moja likalala ubavu. La kustaajabisha ni kwamba majumba yenyewe hayakuvunjika; ardhi ndiyo iliyoyatupa. Daraja la Showa, ambalo lilikuwa halijatimiza hata miezi miwili, lilianguka mtoni.

Sababu yake yaeleweka. Chembe za mchanga hubebana kwa kugusana. Ardhi inapotikiswa, chembe zilizolegea hutaka kubanana zaidi, lakini nafasi zilizo kati yake zimejaa maji, na maji hayo hayapati muda wa kutoka. Basi uzito uliokuwa ukibebwa na chembe huhamia kwenye maji, chembe huachana, na ardhi iliyokuwa ngumu hugeuka uji. Jengo zito hudidimia, ilhali tangi tupu lililozikwa huibuka juu.

Tangu wakati huo wataalamu wamejitahidi kuibashiri tabia hiyo. Mwaka 1971 Seed na Idriss walitoa njia nyepesi ya kulinganisha nguvu ya mtikisiko na uwezo wa mchanga wa kuustahimili. Uwezo huo hupimwa kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimeta 76. Huhesabiwa mapigo yanayotosha kuzamisha bomba sentimeta 30. Mapigo yakiwa machache, mchanga umelegea. Wengine huweka mchanga katika sanduku na kulizungusha kwa kasi, hata uzito wake ukaongezeka mara 50. Hapo sentimeta 20 za mchanga huwa kama mita 10 za ardhi halisi. Wengine hutumia kompyuta kukokotoa, nukta kwa nukta, jinsi shinikizo la maji linavyopanda.

Sisi tunaona kwamba kazi hizo zote zastahili sifa. Lakini hatuna budi kusisitiza kuwa hesabu ni mtumishi, wala si bwana. Kompyuta haiwezi kuujua mchanga ambao hakuna aliyeupima. Isipoambiwa kina cha maji na mbanano wa chembe, jibu lake ni bahati nasibu iliyovikwa tarakimu.

Tena, kujua peke yake hakutoshi. Katika mji wa Christchurch, New Zealand, ramani za maeneo ya hatari zilikuwa zimekwisha kuchorwa kabla ya matetemeko ya 2010 na 2011. Hata hivyo maelfu ya watu walikuwa wakiishi juu ya mchanga huo. Baada ya maafa, viwanja vya makazi zaidi ya 7,000 vilitangazwa kuwa havifai kukaliwa tena. Majuto ni mjukuu.

Wala dawa haikukosekana. Mchanga waweza kushindiliwa kwa mitetemo, kutobolewa njia za kokoto za kutolea maji, au nguzo za msingi kuteremshwa hadi kwenye tabaka gumu. Huko huko Niigata, matangi ya mafuta yaliyojengwa juu ya mchanga ulioshindiliwa yalisalimika.

Tusidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Bonde la Ufa lapita kwetu, na tarehe 10 Septemba, 2016 mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la 5.9 lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi. Kwa hiyo kila anayekusudia kujenga bandari, kiwanda au mtaa juu ya mchanga wa ufukwe au wa mdomo wa mto atakiwe kwanza kuupima, na matokeo yasifungiwe kabatini bali waonyeshwe wale watakaolala juu yake. Gharama ya mapigo ya nyundo ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kuhamisha mtaa mzima.