Vijana si wa Kubeba Viti Tu

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha watu wazima kilikuja hapa kwetu Kaole kupanda mikoko. Vijana wakaitwa. Walibeba miche, wakaingia matopeni mpaka magotini. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, alisema mahali pale maji ya bamvua hupiga kwa nguvu, afadhali wasogee nyuma ya mikoko mikubwa. Aliambiwa apande tu. Picha zikapigwa, soda zikanywewa. Maji ya bamvua yaliyofuata yalichukua karibu miche yote. Walipoitwa tena vijana hawakwenda, na wazee wakasema vijana wa siku hizi ni wavivu.

Mimi sikubaliani nao. Vilabu vya Rotary, ambavyo Dar es Salaam vipo siku nyingi, vina klabu za vijana: Interact, iliyoanza mwaka 1962 kwa wenye miaka 12 hadi 18, na Rotaract, iliyoanza mwaka 1968 kwa wakubwa zaidi. Humo vijana huchagua viongozi wao wenyewe na kupanga kazi zao. Mtu mzima ni mlezi. Usukani hashiki yeye. Desturi hiyo haihitaji jina kubwa. Hata kikundi cha kanisa, au cha mtaa pamoja na jirani zetu Waislamu, kinaweza kuifuata.

Chukueni mfano wa damu, ambao mimi kama muuguzi siwezi kuuacha. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, hatuna muda wa kutafuta ndugu kijijini. Damu iwepo au asiwepo mama. Hapa nchini anayetoa damu awe na miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Mtoto wa miaka 15 hawezi kutoa, lakini mpeni daftari: aandike majina, ahesabu miezi, awakumbushe watu zamu yao ikifika. Hiyo ni kazi yenye uzito, naye ataona kwamba mnamtegemea.

Kabla ya kumruhusu mwanao, ni haki yako kumjua mlezi, kujua saa ya kurudi, na kuuliza fedha za kikundi zinaandikwa na nani. Lakini tusiwe wepesi kuwakatalia mabinti tu. Mara ngapi mvulana anakwenda mkutanoni na dada yake anabaki na masufuria?

Nyumbani kwangu, siku binti anapokwenda kwenye kikundi, kaka yake ndiye anayekuna nazi. Mara ya kwanza alinung'unika sana, na wali siku hiyo ulikuwa na vipande vya kifuu. Tuliula.