Kunguni wa Kijani na Jamaa Zake: Nani Anashika Rekodi?

Wengi wetu tunamjua kunguni wa kijani wa shambani kwa jambo moja tu: uvundo. Lakini mdudu huyu mwenye mgongo kama ngao, asiyezidi sana sentimita moja na nusu, ana rekodi nzito kuliko hiyo, na jamaa zake wana za kwao.

Msafiri kuliko wote. Ni kunguni wa kijani mwenyewe, *Nezara viridula*, aliyepewa jina la kisayansi na Linnaeus mwaka 1758. Wataalamu wengi wanaamini chimbuko lake ni upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Leo yuko kila bara isipokuwa Antaktika. Australia alionekana 1916, Hawaii 1961, na mwaka 2003 alikutwa akizaliana London.

Mlaji asiyechagua. Ni huyohuyo tena: hula mimea ya familia zaidi ya 30, ila maharage na jamii yake ndiyo anayoyapenda zaidi. Hatafuni. Hudunga mrija wa mdomo kwenye ganda changa, humwaga mate, kisha hufyonza. Mkulima akija kupukuchua, hukuta punje zimesinyaa.

Mnukaji hodari. Akiguswa tu, tezi zake za kifuani hutoa kemikali za kundi la aldehaidi. Baadhi yake zimo pia kwenye majani ya giligilani, ndiyo maana wapo wanaoapa kwamba kachumbari yenye giligilani inanuka kunguni.

Mbembelezaji wa kimyakimya. Dume na jike huitana kwa kutikisa tumbo. Mtikisiko huo, wa takriban hezi 100, hupita kwenye shina hadi kwa mwenzake aliye kwenye jani jingine. Sisi hatusikii kitu.

Mama mwenye huruma. Hapa kunguni wa kijani anashindwa vibaya: hutaga mayai kati ya 30 na 130 chini ya jani, akaenda zake. Taji linakwenda Japani kwa *Parastrachia japonensis*, mwekundu mwenye madoa meusi. Mama huyu hutembea ardhini akitafuta matunda yaliyoanguka ya mti mmoja maalumu, na kuyakokota moja moja hadi kwenye kiota cha wanawe.

Mtamu kuliko wote. *Encosternum delegorguei* huliwa Zimbabwe na Limpopo, Afrika Kusini. Hutiwa akiwa hai kwenye maji ya uvuguvugu na kukorogwa hadi aumalize uvundo wake, ndipo achemshwe na kukaushwa. Aliyekufa kabla ya kuutoa huwa mchungu, hivyo hukatwa kichwa na kukamuliwa tezi. Huko Norumedzo, wilaya ya Bikita nchini Zimbabwe, wenyeji wanaulinda msitu wao kwa ajili ya mdudu huyu.

Adui mdogo, kiboko kikubwa. Nyigu *Trissolcus basalis* ana urefu wa milimita moja hivi, na hutaga ndani ya mayai ya kunguni wa kijani. Mwaka 1933 alichukuliwa Misri akapelekwa Australia kupambana naye. Kwa hiyo, kabla ya kubeba bomba la dawa, geuza majani. Mayai mazima huwa na rangi ya njano iliyopauka, kisha huelekea wekundu yakikaribia kuanguliwa, hayo yaponde. Yaliyogeuka meusi yana nyigu ndani. Hayo usiyaguse, wala usiyapulizie dawa.