Mtazamo wa Ulimwengu na Ladha ya Hofu katika Filamu za Kutisha

Filamu ya kutisha haimtishi mtazamaji kwa damu na mayowe pekee. Chini ya matukio yake mna madai kuhusu ulimwengu: iwapo uovu una chanzo, iwapo una mwisho, na ni nani awezaye kuushinda. Makala hii inafafanua jinsi madai hayo yanavyoathiri ladha anayoipata mtazamaji, kwa kuchukulia mfano wa mtazamaji wa Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha.

Filamu mbili zinatosha kudhihirisha tofauti iliyopo. Katika Living in Bondage ya Nigeria (1992) na mwendelezo wake, Andy anamtoa kafara mkewe, Merit, ili apate utajiri. Mzuka wa Merit unamwandama hadi anarukwa na akili. Hatimaye anaponywa kwa maombi. Katika Night of the Living Dead ya George Romero (1968), Ben ananusurika na wafu walao watu, kisha anapigwa risasi na walinzi wanaodhani kuwa naye ni mfu. Hakuna haki inayotendeka.

Mtazamaji aliyelelewa kwa ngano za mazimwi na mahubiri ya Jumapili huipokea filamu ya kwanza kwa wepesi, kwani hofu yake ina mlango wa kutokea. Ya pili yaweza kumwachia kinyongo. Hata hivyo, si lazima mtu akubaliane na filamu ndipo aifurahie. Azingatiapo kwamba Ben ni mtu mweusi aliyeuawa na Wazungu, hutambua kuwa kinyongo hicho ndicho ujumbe wenyewe. Msomaji wa Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) anaufahamu mkondo huu: mzuka wa babu hauji kutisha tu, bali kumsuta mjukuu aliyelewa madaraka.

Aidha, mtazamo huo hauishii kwenye skrini. Filamu inapodai kuwa ajuza wa jirani ndiye mchawi, raha ya kumwona akiteketea ina gharama. Mnamo Mei 2008, huko Kisii, watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa kwa tuhuma za uchawi.

Kwa hiyo, mhakiki asiulize tu kama filamu inatisha. Aulize pia inamtaka mtazamaji amwogope nani, na kwa nini.