Baba Alikuja na Jahazi, Mama Alikuwa na Mji

Nawaandikia kutoka Johannesburg.

Siku moja ya Ramadhani tulikaa kufuturu, watu kama kumi na tano hivi, kwenye flati ya mwenzetu. Uji, tambi, kaimati, mambo yote yalikuwepo. Baada ya kula, dada mmoja anayesomea sheria akasema angependa kuandaa mada juu ya historia ya Uislamu wa pwani yetu kwa ajili ya mkutano wa jumuiya. Kaka mmoja akamjibu, tena kwa upole kabisa, kwamba mada ni nzuri ila aachiwe mwanaume, kwa sababu eti "hiyo historia wanawake hawamo". Watu wakacheka, maongezi yakahamia kwenye mpira. Dada akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, na nilipofika nyumbani ndipo nikajiona sikufanya vizuri. Sikuwa na la kumjibu yule kaka kwa sababu sikuwa najua lolote.

Mimi ni mtu wa uhandisi, historia niliiacha sekondari. Lakini swali likanikaa kichwani: hivi ni kweli hawamo? Nikaanza kusoma jioni jioni, na leo nawaletea niliyoyapata.

Tunazungumzia wakati gani?

Wanahistoria wanapotaja Zama za Kati huwa na maana ya miaka takriban 500 hadi 1500. Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria Ulaya, makasri na watu waliovaa chuma. Kumbe hiyo ndiyo miaka ambayo miji yetu ilizaliwa na kustawi. Huko Shanga, kisiwani Pate, wanaakiolojia walichimba wakakuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti, ya karne ya 8. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kilwa ilifikia kilele chake karne ya 14, ikitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala.

Na kwa sisi tulioko huku kusini, hadithi hiyo si ya mbali. Mapungubwe, karibu na mto Limpopo, ulikuwa mji mkubwa katika karne ya 13, na shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi zimefukuliwa huko kwa maelfu. Kifaru wake maarufu wa dhahabu yuko chini ya Chuo Kikuu cha Pretoria, safari fupi tu kutoka hapa. Shanga hizo zilipitia mikononi mwa watu wa pwani yetu. Kwa hiyo ukiambiwa wewe ni mgeni huku, unaweza kujibu kwamba biashara yetu na huku ina zaidi ya miaka 700.

Masimulizi ya kale yanasemaje?

Tuanze na yale tunayoyajua tangu utotoni. Masimulizi ya Kilwa husema Ali alitoka Shiraz na majahazi yake, akafika kisiwani, akatoa nguo na zawadi kwa mwenyeji. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia. Lakini katika masimulizi ya Kiswahili yaliyoandikwa Kilwa Kisiwani, jambo la pili alilofanya mgeni huyo ni kumwoa binti wa Mzee Mrimba, mkuu wa mahali pale.

Nenda Pate. Historia ya Pate husema Suleimani wa Kinabahani alifika kutoka Arabuni mwaka 601 Hijria, sawa na 1204 au 1205, akamwoa binti wa mtawala wa Wabatawi, na utawala ukampitia huyo binti. Tarehe hiyo wataalamu wengi wanaitilia shaka, lakini tazama muundo wa hadithi: ni uleule.

Mombasa nao wana lao. Wazee husimulia kwamba mji ulianzishwa na malkia, Mwana Mkisi, kabla ya Uislamu kushika. Baadaye akaja Shehe Mvita, na kwake unahusishwa msikiti wa kwanza wa mawe kisiwani. Thenashara Taifa, yale mataifa 12 ya Waswahili wa Mombasa, wanayakumbuka majina yote mawili. Hawakumfuta malkia kwa sababu hakuwa Mwislamu.

Utasema hizi ni ngano tu. Sawa. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka nikakutana na utafiti wa vinasaba.

Mifupa ilipoulizwa

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji 6 ya pwani yetu kati ya 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara nchini Kenya. Miongoni mwa miji hiyo ni Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara.

Kwa wale ambao biolojia waliiacha mapema kama mimi, nifafanue kidogo. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake. Mama aliipata kwa mama yake, naye kwa bibi, hivyo hivyo kurudi nyuma. Na kuna kromosomu Y, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa baba peke yake. Kwa hiyo mifupa ya mtu mmoja inaweza kukupa njia mbili: ya kina mama na ya kina baba.

Matokeo yalikuwa hivi. Wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Afrika, na asili hiyo iliwafikia hasa kwa upande wa kina mama. Sehemu kubwa ya asili iliyobaki ilitoka Asia, na kati ya hiyo, asilimia 80 hadi 90 ilitokana na wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza kufikia mwaka 1000 hivi, wakati uleule Uislamu ulipokuwa unaenea miji mingi ya pwani. Asili ya Arabuni iliongezeka baadaye, baada ya 1500.

Kwa maneno mengine, Mzee Mrimba na binti yake wanaweza wasiwe na kaburi linalojulikana, lakini mambo kama yao yalitokea kweli, tena mara nyingi.

Sasa fikiri pamoja nami. Kama baba ni Mwajemi na mama ni mwenyeji, mtoto atasema lugha gani? Jibu unalisoma sasa hivi. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ngeli zake na vitenzi vyake vyote, kikiwa na maneno ya Kiarabu na machache ya Kiajemi juu yake. Hiyo ni lugha ya nyumbani kwa mama. Na mtoto huyo dini aliifahamu kwa lugha gani? Maana ya sala, ya funga, ya halali na haramu, nani alimweleza wakati baba yuko baharini anangoja upepo wa kusi? Hakuna kitabu kilichoandika jina la huyo mwalimu. Lakini sisi wote tuliolelewa na mama na bibi tunamjua.

Mgeni aliyeandika

Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Aliwasifu watu wa Mombasa kwa ucha Mungu na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri, na huko Kilwa alimsifu Sultani kwa ukarimu. Juu ya wanawake wa miji hiyo hakutuambia kitu cha maana. Yeye alikuwa mgeni wa kiume. Alifikia kwa masultani na makadhi, na milango ya ndani hakufunguliwa.

Kwingineko aliandika, na inafaa kusoma. Kule Walata, Afrika Magharibi, mwaka 1352, alishangaa kukuta Waislamu wanaosali na kuhifadhi Kurani, lakini urithi unakwenda kwa mtoto wa dada, na wanawake wanazungumza na wanaume bila kujificha. Visiwani Maldivi alikuta mtawala ni mwanamke, Malkia Khadija, akamtumikia kama kadhi. Akajaribu kuwaamuru wanawake wajifunike kama yeye alivyozoea, akashindwa, na mwenyewe amekiri.

Karibu zaidi na kwetu ni Yemen, ambako majahazi yetu yalikuwa yakienda na kurudi. Huko Malkia Arwa alitawala kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1138. Aliuhamishia makao ya utawala mji wa Jibla, na jina lake lilitajwa katika hotuba ya Ijumaa. Ukivuka kwenda Ethiopia, kwa ndugu zetu Wakristo, kuna Malkia Eleni, aliyezaliwa katika ukoo wa Kiislamu wa Hadiya, akaja kuwa nguzo ya ufalme wa Kikristo na kushika madaraka kwa niaba ya mfalme mtoto tangu 1508. Basi ule usemi kwamba enzi hizo mwanamke na dini ni mbalimbali, hausimami popote katika ukanda wetu.

Nyumba ni ya nani?

Hapa niruhusuni nirudi kwenye fani yangu. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikabebwa na boriti za mkoko. Boriti ya mkoko haimudu nafasi pana, hivyo vyumba vikawa vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, na virefu. Ukitaka nafasi zaidi unaongeza chumba nyuma ya chumba, au ghorofa juu ya ghorofa.

Na ghorofa hiyo aliongezewa nani? Huko Lamu, katika karne za karibuni tunazozijua vizuri, tajiri alimjengea binti yake anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Ngazija, visiwani Komoro, hadi leo nyumba ni ya mwanamke na hupita kwa mabinti, ingawa watu ni Waislamu wa Kishafi kama sisi. Katika nyumba za zamani za Lamu vyumba vya ndani kabisa ndivyo vilivyokuwa vya kuzalia na vya kuoshea maiti. Yaani mwanzo wa mtu na mwisho wake duniani vilikuwa chini ya usimamizi wa mwenye nyumba. Sidai kwamba Kilwa ya 1331 ilikuwa hivyo hivyo katika kila jambo. Ila mgeni anayeoa mwenyeji na kupata mji, na mume anayehamia kwa mkewe, ni mambo yanayolandana mno.

Tusipake rangi

Lazima niseme na upande mwingine, maana dada zetu hawahitaji hadithi tamu. Binti wa Mrimba hana jina katika masimulizi. Anatajwa kama binti wa fulani na mke wa fulani. Tena si kila mwanamke alikuwa binti wa mkuu. Pwani ilikuwa na watumwa, na Ibn Battuta mwenyewe aliandika kwamba Sultani wa Kilwa alikuwa akifanya mashambulizi bara na kugawa ngawira. Wapo wanawake walioingia mjini kwa nguvu, wakazaa humo bila kuulizwa. Na wale watu 80 wengi walizikwa mahali pa heshima, kwa hiyo mafukara bado hatujawasikia. Ukisema "mabibi zetu waliusimamisha mji", wajumuishe na hao.

Kwa nini niwachoshe na haya yote?

Kwanza, kwa sababu ya mabishano yetu wenyewe. Kila tukikutana kuna atakayesema Waswahili ni Waarabu, mwingine ataruka kusema Uajemi ni uongo mtupu. Mifupa imewajibu wote wawili: mababu wengine walikuja kweli, na walipokewa na mabibi waliokuwepo.

Pili, sisi huku ni wageni. Wengine wetu tunakumbuka Mei 2008, vurugu zilipoanzia Alexandra na zaidi ya watu 60 wakauawa nchini, na wengi hawakulala usiku kwa sababu ya kuitwa wageni. Kilwa na Pate walikuwa na njia ya kumgeuza mgeni kuwa mwenyeji, na ufunguo wa njia hiyo alikuwa nao mwanamke.

Tatu, ni yule dada. Nimemtumia karatasi hizi zote nilizokusanya, na nikamwomba radhi kwa ukimya wangu. Amekubali kuitoa mada. Ataisimamia yeye mwenyewe katika mkutano ujao wa jumuiya, na yule kaka ameahidi kuja. Nasi tuje kwa wingi, tena tuje na maswali.