Wimbo Umeingia, Mbona Hausikiki? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi programu ya kucheza muziki inavyosoma faili na kuigeuza sauti. Leo tuchomeke kifaa cha mfukoni kwa waya wa USB, tuone kwa nini waandishi wa programu huria kama Rhythmbox na Amarok hulazimika kurudi kazini kila mtengenezaji wa vifaa anapobadili nia.

Kifaa chepesi kuliko vyote ni kile kinachojitambulisha kwa kompyuta kama diski. Flashi ni hivyo, na vicheza MP3 vingi vya bei nafuu pia. Unanakili, unachomoa, unasikiliza. Kijana anayewaingizia wateja nyimbo kwenye memori kadi hana haja ya programu yoyote ya muziki. Lakini sabufa nyingi hazipangi nyimbo kwa majina. Huzifuata zilivyotangulia kuandikwa kwenye flashi, ndiyo maana albamu uliyoipanga vizuri hutoka shaghalabaghala. Halafu kuna hili: programu itajuaje kama diski iliyochomekwa ni ya muziki au ya nyaraka za ofisi? Rhythmbox ina njia ninayoipenda kwa unyofu wake. Unaweka kwenye kifaa faili ndogo ya maandishi iitwayo .is_audio_player, na ndani yake mstari kama audio_folders=Music/. Basi. Programu imeshajua.

Mtihani wenyewe uliletwa na iPod, iliyotangazwa na Apple Oktoba 2001. Nayo kompyuta huiona kama diski. Ichungulie ndani utakuta folda ya iPod_Control, ndani yake Music, na humo tena F00, F01, F02 na kuendelea, zimejaa faili zenye majina ya herufi nne yasiyomwambia mtu lolote. Tia wimbo wako humo kwa mkono wako mwenyewe: nafasi ya diski itapungua, lakini kwenye orodha ya iPod wimbo hutauona. Kifaa hiki hakikagui diski yake. Husoma faili moja tu, iTunesDB, na lisiloandikwa humo kwake halipo, mfano wa mwenye duka anayeamini daftari kuliko rafu.

Kwa hiyo kuisaidia iPod maana yake ni kujua kuandika daftari hilo, ambalo Apple haikueleza hadharani limepangwaje. Watu wa programu huria walilifumbua wenyewe. Leo inajulikana kwamba faili huanza kwa herufi mhbd, kwamba kila wimbo una kifungu chake cha mhit, na kwamba jina la wimbo, la msanii na la albamu hukaa katika vifungu vya mhod. Ujuzi huo ulikuzwa ndani ya programu ya gtkpod, kisha ukatengwa ukawa maktaba ya msimbo inayojitegemea, libgpod. Hapo ndipo nionapo busara kubwa zaidi katika habari hii yote, kwa kuwa Rhythmbox na Amarok hazikuhitaji tena kila moja kuhangaika kivyake.

Faida ilionekana Septemba 2007. iPod classic na nano za kizazi cha tatu zilikuja zikidai iTunesDB iwe na muhuri wa kihesabu, unaokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na namba ya kifaa husika. Muhuri usipolingana, skrini huonyesha nyimbo sifuri ilhali diski imejaa. Mwezi haukuisha kabla siri ya muhuri kufichuliwa. Marekebisho yakaingia libgpod, na programu zilizoitegemea zikapona kwa pamoja, ingawa mtumiaji aliweza kutakiwa kuandika mwenyewe namba hiyo, FirewireGuid, katika faili ya SysInfo. Mawakili nao hawakukosa: Apple ilidai kurasa za tovuti ya BluWiki zilizojadili mambo hayo ziondolewe, mwenye tovuti akaenda mahakamani mwaka 2009, na Julai mwaka huohuo Apple ikayaondoa madai yake.

Upande wa pili uko MTP, utaratibu wa Microsoft. Humo kifaa hakikabidhi diski yake; kompyuta huomba tu, nipe faili namba fulani, pokea hii, futa ile. Simu za Android zilianza kuhamia huko mwaka 2011, na faida yake ni kwamba simu huendelea kutumia hifadhi yake hata ikiwa imeunganishwa na kompyuta. Maktaba ya kazi hii ni libmtp. Ukifungua faili yake ya music-players.h utakuta orodha ndefu ya vifaa, kila kimoja kwa namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, na pembeni alama za kasoro zake. Kiko kinachodai kuweza jambo, kikiombwa kinakwama. Vingine, vya Samsung kwa mfano, hucheza faili za Ogg bila shida lakini havizitaji katika orodha ya faili vinazozipokea. Dawa yake ni alama ya OGG_IS_UNKNOWN, inayoiagiza programu iitume faili kama ya aina isiyojulikana. Kifaa huipokea na kuicheza.

Wiki ijayo: Rockbox, mradi unaoiondoa kazini programu ya kiwandani ndani ya kifaa chenyewe.